Juu ya masomo ninayokwenda kusoma, na ile mifupa ya kwa Mama wa Matofali

(Maneno aliyosema mwanachama wetu, ajenti wa kazi za vijijini, mbele ya mkutano mkuu wa Jumamosi, hapa Baraka. Tumeyaandika kama alivyoyasema, tumepunguza tu pale aliporudia.)



Karani ameniambia nina dakika 25, na anazo saa mkononi, naziona. Nitajaribu.

Nimeombwa nieleze ninakokwenda, sababu maneno yamekuwa mengi. Mmoja amesema naenda kusoma mambo ya maiti. Mwingine amesema naenda kuwa polisi wa Ulaya. Juzi sokoni mama mmoja anayeuza ndagala alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama nitafundishwa kuagua, ili nimtajie aliyemwibia nyavu. Nikamwambia, mama, kama wangefundisha hiyo ningekwenda zamani.

Masomo yenyewe ni ya masta, yaani yale yanayokuja kisha lisansi, na jina lake ni kriminoloji pamoja na sayansi ya uchunguzi wa jinai. Mbele ya kueleza jina hilo, nitawaambia kwa nini nimeyachagua, na hapo inabidi niseme kosa langu mwenyewe. Wengine hapa mlikuwepo siku ile. Mlishika majembe pamoja nami.

Ilikuwa mwaka 2013, wakati wa kiangazi, watu wanafyatua matofali. Mama mmoja wa upande wa Fizi (hataki jina lake litajwe, nitamwita Mama wa Matofali) alikuwa amerudi na boti kutoka Kigoma na watoto wawili, amepewa tena kipande cha shamba la mume wake. Mume mwenyewe alibaki mwaka 1996 tulipokimbia. Alisema atachunga mbuzi siku chache kisha atatufuata ng'ambo ya ziwa. Hakufuata. Basi mama anachimba udongo pembeni ya michikichi, na jembe likagonga kichwa cha mtu.

Mimi wakati ule nilikuwa nimemaliza lisansi ya sheria, nimeanza kazi katika ONG, nina fulana yenye nembo na pikipiki ya kazi. Nikaitwa. Nikafika na mchungaji, chefu wa kijiji, na vijana kumi hivi. Tukachimba asubuhi yote kwa majembe na chepeo. Mifupa ilikuwa ya watu wengi. Tuliikusanya katika magunia mawili ya unga wa msaada, tukaipeleka karibu ya kanisa, tukachimba kaburi moja, tukaomba, tukaimba, tukasimika msalaba. Jioni niliandika ripoti: mifupa imezikwa kwa heshima, jamii imetulia. Nilipongezwa ofisini juu ya ripoti ile.

Miaka miwili kisha akaja mchunguzi aliyekuwa anatayarisha dosie za mambo ya miaka ile. Mtu mpole, anaongea taratibu. Aliniuliza: walikuwa watu wangapi? Sikujua. Walilala namna gani, mmoja mmoja au wamerundikana? Mikono ilikuwa mbele au nyuma ya mgongo? Kulikuwa na kamba? Nguo? Vifungo? Maganda ya risasi? Kichwa kilichopasuka, kilipasuka zamani au kilipasuliwa na jembe lenu? Mna picha? Picha nilikuwa nayo moja. Ilituonyesha sisi tumesimama tumezunguka msalaba, mimi katikati na fulana yangu.

Alifunga daftari lake bila kunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Lakini aliyenifanya nisilale si yeye. Ni Mama wa Matofali. Wakati mchunguzi anaongea na chefu, mama aliniita nyuma ya nyumba, alikuwa anatwanga sombe, akaniuliza: «Binti yangu, jino la mbele la juu, lililovunjika nusu, uliliona?» Mume wake alivunjika jino hilo akiwa kijana, alipigwa na kasia. Nikamwambia, mama, sikuliona. Sikutazama meno. Akasema «haya», akaendelea kutwanga.

Sasa mnajua wenyewe jambo la shamba lile. Shemeji zake wanasema ndugu yao hajafa, labda yuko Zambia, labda ameoa Tanzania, kwa hiyo shamba lisubiri mwenyewe. Mama si mjane na si mke. Matanga hayajafanywa. Watoto wake hawawezi kudai kitu cha mtu ambaye hakuna anayesema kama amekufa. Yote hiyo inasimama juu ya nusu ya jino, na jino hilo, kama lipo, mimi njo nililitia katika gunia.

Basi, hiyo njo sababu. Sasa nieleze masomo.

Kriminoloji inauliza mambo ya watu: kwa nini uhalifu unatokea, nani anatendewa, jamii inajibu namna gani, kwa nini hapa na si pale. Sayansi ya uchunguzi wa jinai inauliza mambo ya alama: unyayo, damu, risasi, mfupa, karatasi, simu, kila kilichobaki pale mtu alipopita, na kinachoweza kusimama mbele ya hakimu. Zamani hizi zilikuwa njia mbili, na kila moja ilijiona mkubwa. Siku hizi vyuo vingi vinazifundisha karibu karibu, sababu alama bila kuelewa watu inapotosha, na kuelewa watu bila alama inabaki maneno matupu.

Kazi hii si ya jana. Mwaka 1909, mji wa Lausanne kule Uswisi, profesa Archibald Reiss alianzisha shule ya kwanza ya namna hiyo katika chuo kikuu. Mwaka uliofuata, 1910, Edmond Locard alipewa vyumba viwili vya darini katika jengo la mahakama ya Lyon, Ufaransa, akaweka laboratori yake humo. Locard njo tunayemkumbuka kwa wazo hili: mtu hawezi kugusa kitu bila kuacha kitu na bila kuondoka na kitu. Wakulima mnalijua hilo bila Locard. Mwizi wa muhogo anaondoka na udongo wa shamba lako kwenye miguu.

Reiss mimi nampenda kuliko Locard, na nitawaambia juu ya nini. Vita ya 1914 ilipoanza, serikali ya Serbia ilimwita aje kuona mambo ambayo askari wa Austria na Hungaria walifanya vijijini. Hakukaa mjini. Alikwenda mwenyewe kijiji kwa kijiji, akauliza wakulima na hata askari waliokamatwa, akapiga picha, akaandika majina, akaandika majeraha. Mtu wa laboratori alikubali kwamba mama mkulima ni shahidi kama darubini. Na kisha vita hakurudi Uswisi, alibaki kule Serbia mpaka alipokufa 1929. Najua mmecheka pale, mnafikiri na mimi nitabaki. Nitarudia hilo.

Hadithi nyingine ni ya Argentina. Kule jeshi lilitawala kuanzia 1976 mpaka 1983, na watu wengi walichukuliwa usiku wasionekane tena. Utawala ulipoanguka, familia zilikimbilia makaburi yasiyo na majina, na mahakimu walituma watu wenye chepeo na mashine. Mifupa ikavunjika, ikachanganyika. Ilikuwa kama sisi na magunia yetu, lakini kwa wingi zaidi. Mwaka 1984 akaja Mmarekani mmoja mtaalamu wa mifupa, Clyde Snow. Alipotafuta wasaidizi, wakubwa waliogopa. Waliokubali walikuwa wanafunzi tu, vijana wa akiolojia, wa antropolojia na wa udaktari. Aliwafundisha kuchimba na brashi na kijiko, polepole, kupima, kuchora, kupiga picha kila hatua. Vijana wale wakawa timu ambayo leo inaitwa nchi nyingi kufanya kazi hiyo na kufundisha wengine. Niliposoma habari hiyo nilikuwa na miaka 30 na zaidi, nikaona bado sijachelewa.

Sasa mtauliza, wanafundisha nini hasa? Siwezi kueleza yote, na mengine yatawachosha. Nitachukua mifupa, sababu njo inayotugusa.

Mtaalamu akipata mifupa ya mtu mzima iliyo kamili, mifupa ya nyonga inamwonyesha kama alikuwa mwanamume au mwanamke. Mfupa wa paja unamsaidia kukadiria urefu. Meno na viungo vinamsaidia kukadiria umri, lakini kwa mtu mzima makadirio hayo ni mapana, anaweza kusema kati ya miaka 35 na 50, si zaidi ya hapo. Mfupa uliovunjika mtu akiwa hai na ukapona unaacha kovu. Uliovunjika wakati wa kufa unavunjika kama mti mbichi. Uliovunjwa na jembe miaka kisha unavunjika kama mti mkavu, na rangi ya ndani ni tofauti. Njo maana mchunguzi yule aliniuliza juu ya jembe.

ADN nayo ipo, kila mtu ameisikia kwenye sinema. Inatoka vizuri zaidi katika jino na katika mifupa migumu kama wa paja, na inalinganishwa na ya ndugu wa damu: watoto, wazazi, ndugu wa tumbo moja. Mke hawezi kutoa yake kumtambulisha mume, lakini watoto wao wanaweza. Joto na maji vinaiharibu kidogo kidogo, na sisi tunakaa mahali pa joto na maji. Kwa hiyo mtu akija kijijini akiwaahidi kwamba mashine itataja majina yote, mpeni kiti, mpeni maji ya kunywa, lakini msimpe matumaini yenu.

Mfano mkubwa ni Srebrenica, katika Bosnia. Mwezi wa saba 1995 wanaume na vijana zaidi ya 8,000 waliuawa kule. Kisha wauaji walirudi na mashine, wakafukua makaburi na kuhamisha miili ili kuficha. Mtu mmoja akapatikana vipande vipande katika makaburi mawili, matatu, hata zaidi. Pamoja na hayo, kwa damu iliyotolewa na ndugu, na kwa miaka mingi ya laboratori, karibu 7,000 wamepewa majina yao. Familia nyingine zilizika mfupa mmoja, kisha wakaitwa tena kuambiwa umepatikana mwingine, wakafungua kaburi tena. Ninawaambia hili msifikiri ni kazi ya kufurahisha. Lakini linaonyesha pia kwamba magunia yetu mawili hayajafunga mlango.

Jambo jingine wanalofundisha, na ambalo sisi watu wa ONG tunalikosa sana, ni mnyororo wa kulinda ushahidi. Kila kitu kilichookotwa kinaandikwa: nani alikiokota, saa ngapi, wapi, alikiweka katika nini, alimpa nani, huyo naye alimpa nani. Kiungo kimoja kikikosekana, avoka wa upande wa pili anauliza swali moja tu na kitu kinaanguka. Nguo yenye damu inawekwa katika bahasha ya karatasi, si katika mfuko wa plastiki, sababu plastiki inashika unyevu na nguo inaota ukungu. Miaka mingapi sisi tumewapa kina mama mifuko ya plastiki? Tulifanya kwa roho nzuri.

Na wanafundisha kusema kidogo. Hilo litanipa shida, mnanijua. Mtaalamu mzuri hasimami mbele ya mahakama kusema «ni huyu» kama nabii. Anasema alama hii inategemeza jambo hili kwa nguvu kiasi hiki kuliko lile, kisha ananyamaza, anaacha hakimu ahukumu.

Sasa turudi nyumbani. Mtu asiseme hayo ni mambo ya wazungu.

Hapa hapa Baraka, mwezi wa pili 2011, mahakama ya jeshi ilikuja na meza zake kuhukumu mambo yaliyotokea Fizi usiku wa mwaka mpya. Wanawake 49 walitoa ushahidi. Luteni-kanali mmoja alipewa miaka 20. Kutoka siku ya matendo mpaka siku ya hukumu hazikufika miezi miwili. Wengi wenu mlisimama nje mkisikiliza. Kilichoshinda siku ile ni uhodari wa wanawake wale, waliosema mbele ya watu. Lakini najiuliza mpaka leo: ni lazima kila mara mama abebe dosie yote kwa mdomo wake mwenyewe? Kama karatasi za daktari, picha na nguo zimetunzwa sawasawa, yeye anasema kidogo na vitu vinasema vingine.

Karibu ya Bukavu, Kavumu, ilikuwa hivyo. Kuanzia 2013 watoto wadogo wa kike walikuwa wanachukuliwa usiku na kuharibiwa. Mwanzoni kila jambo lilifunguliwa dosie yake peke yake, kama vile ni mikosi tofauti. Ilibidi watu wakae waweke dosie zote pamoja, watazame namna moja ile ile, mahali pale pale, kundi lile lile. Hiyo njo kriminoloji, wandugu, kuona kwamba mambo 40 ni jambo moja. Karatasi za madaktari zilijazwa kwa namna moja, na watoto walihojiwa na watu waliojua kuhoji watoto, wakarekodiwa ili wasisimamishwe mbele ya waliowatesa. Tarehe 13 mwezi wa 12, 2017, watu 11 walipewa kifungo cha maisha, pamoja na mbunge wa jimbo.

Sheria yenyewe tunayo. Tangu 2006, katika mambo ya kubakwa, OPJ au hakimu analazimika kuita daktari na mtaalamu wa mambo ya akili, na uchunguzi wa kwanza usipite mwezi mmoja. Imeandikwa vizuri. Nendeni kwenye kituo cha afya cha kijiji muulize kama kuna karatasi ya kuandikia.

Na kwa ninyi wageni wetu wafadhili, nina mfano wa feza, sababu najua ripoti zenu zinahesabiwa. Kongo ilishtaki Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule La Haye, juu ya vita vya 1998 mpaka 2003. Kongo iliomba dola zaidi ya miliyari 11. Tarehe 9 mwezi wa pili 2022 mahakama iliipa dola milioni 325. Mahakama haikusema watu hawakufa. Sehemu kubwa ilisema, mmeleta hesabu, lakini ushahidi wa kutosha hamkuleta: nani, wapi, lini, kwa mkono wa nani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka 2010, ile inayoitwa Mapping, iliandika matukio 617 ya tangu 1993 mpaka 2003. Makobola yetu imo, ya mwisho wa 1998 na mwanzo wa 1999. Lakini ripoti si dosie. Walioiandika wenyewe walisema haitoshi kumhukumu mtu, inaonyesha tu mahali pa kuanzia. Na sasa tuna sheria ya mwezi wa 12, 2022 ya kulipa fidia wahanga, na mfuko wa serikali umewekwa juu ya hiyo. Mfuko huo utauliza nini? Utauliza karatasi.

Mzee mmoja ameniandikia swali mbele ya mkutano, naye amekaa pale mbele, ananiangalia. Ameuliza: «Binti, walio hai hawana mabati, wewe unakwenda kusomea waliokufa?» Mzee wangu, swali lako ni la kweli na sitalizunguka. Bati ni bati. Nyumba yangu mwenyewe inavuja. Kama feza za masomo haya zingetoka kwenye kisanduku chetu cha mabati, nisingekwenda. Hazitoki humo. Ada inalipwa na bursi. Tiketi na mwezi wa kwanza nimeviweka akiba kutoka mshahara wangu. Komite ilitaka kunichangia kutoka feza za shule za watoto, nimekataa, na iandikwe katika daftari la mkutano kwamba nimekataa. Lakini mzee, ile kesi ya mpaka wa shamba lako na jirani yako, imekaa miaka sita bila kuisha kwa sababu gani? Aliyeshuhudia mpaka ukiwekwa yuko wapi? (Hapa watu walipiga makofi, na mzee mwenyewe alicheka.)

Kwa vijana wanaotaka kufuata njia hii, maneno machache ya kweli. Someni orodha ya masomo mbele ya kusoma jina la diploma, sababu jina linaweza kusema sayansi ya uchunguzi na ndani ukakuta nadharia tupu. Uingereza masta ya namna hii mara nyingi ni mwaka mmoja, lakini ni kwa Kiingereza na ada ni nzito. Uswisi, Ubelgiji na Ufaransa unasoma kwa Kifaransa, mara nyingi miaka miwili. Hapa nchini Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina Shule ya Kriminoloji, na wanaosoma pale wanaingia sana upande wa jamii. Msiidharau, mtu akiwa mwepesi wa kuchukua ndege ataona aibu kwa yale yanayojulikana Lubumbashi. Na mlango unategemea ulikotoka. Aliyesoma kemia au biolojia ataingia laboratori. Aliyesoma udaktari ataweza kuwa daktari wa maiti. Mimi nimesoma sheria, na hapa njo ninapotaka mnisikie vizuri: sitarudi nikiwa mtu wa kushika jino na kusema ni la fulani. Nitasoma namna ya kulinda mahali pa tukio, kuhoji, kupanga dosie, kuona matukio yanavyofanana, na kujua ni mtaalamu gani aitwe kwa kitu gani. Nilimwambia Mama wa Matofali hivyo hivyo. Alinijibu, «Basi utajua wa kumwita.» Nikasema ndiyo.

Juu ya kurudi. Wengi wamekwenda na hawakurudi, majina tunayajua, wengine wametuma salamu leo kwa simu na tumewapigia makofi. Sitaapa. Nilikimbia nchi hii nikiwa na miaka 9, nimebebwa mgongoni na yaya wangu, nikarudi kwa miguu yangu nikitelemka kwenye boti pale bandarini. Nimeacha kiti changu katika komite ya wajane, na nimeomba kisijazwe, kishikiliwe tu na mwingine miaka miwili. Komite imekubali.

Dakika zangu zinaisha, karani amekohoa mara mbili. Kuna mambo ambayo hayahitaji masta, na ningependa yaanze mbele ya mimi kuondoka.

La kwanza ni jembe. Ukichimba ukakuta mfupa wa mtu, simama. Usiutoe. Rudisha udongo kidogo juu yake, weka alama, mwite chefu. Piga picha ya mahali pote, kisha ya karibu, na weka kando ya mfupa kitu ambacho kila mtu anajua ukubwa wake, kama kalamu au noti ya franga. Andika siku, na majina ya waliokuwepo. Mchungaji anaweza kuomba hapo hapo. Mungu hasumbuliwi na mifupa kubaki chini miezi michache zaidi.

La pili, mtu akibakwa, afikishwe kwenye kituo cha afya mbele ya saa 72 kwisha, juu ya dawa za kuzuia ukimwi kwanza, na karatasi itafuata. Asifue nguo. Nguo katika karatasi.

La tatu ni daftari. Nimenunua moja kubwa, lina kurasa 200, liko hapa mezani. Ni la watu wetu ambao hatujui walipolala. Haliombi uandike nani aliua, hilo libaki kwa wenye kazi yake, na daftari likiwa na majina ya wauaji halitakaa salama nyumbani mwa mtu. Linauliza tu: jina, alizaliwa lini kwa makadirio, urefu akisimama karibu na nani, alivunjika wapi, meno yake, alivaa nini mara ya mwisho, alionekana wapi, na ndugu gani wa damu yuko hai. Andikeni sasa, sababu wazee wanaokumbuka meno ya watu wanaondoka kila mwaka. Dada karani wa pili atakaa nalo kila Jumamosi asubuhi, na atakuwa na mtu wa kuandika kwa asiyejua kuandika. Litafungwa katika sanduku lenye funguo mbili, moja kwa karani, moja kwa Mama mkuu wa wajane. Wageni wetu, kama mnatafuta kitu kidogo cha kufadhili, hilo sanduku bado halijanunuliwa.

La mwisho. Kaburi lile karibu ya kanisa, lenye msalaba, nimesikia kanisa linataka kupanua jengo upande ule. Nimeongea na mchungaji jana. Amekubali ukuta upite upande wa barabara, na mwaka huu hakuna atakayechimba pale.

Ukurasa wa kwanza wa daftari umeshajazwa. Aliyejaza alifika asubuhi mbele ya mkutano kufunguliwa, akanisomea tena kila mstari niliouandika, akanisahihisha: lililovunjika ni jino la upande wa kushoto, si la kulia. Mnaofuata, mstari unaanza pale mlangoni.